Lini mgonjwa atolewe kwenye mashine ya kupumulia: mwongozo kwa anayeanza kazi ICU

Kila kundi jipya la madaktari na wauguzi likiingia ICU huja na maswali yale yale. Namba ipi kwenye kioo inaonyesha mgonjwa yuko tayari? Nimpime kwa dakika ngapi? Akishindwa asubuhi, nimjaribu tena jioni? Na mlangoni wako ndugu wenye swali lao moja, "Daktari, mashine atatolewa lini?", ambalo mara nyingi hujibiwa "tusubiri tuone". Mwongozo huu ni wa yule anayesubiri bila kujua anasubiri kuona nini.

Kabla ya yote, jua kwamba unatabiri mambo mawili, si moja. La kwanza: anaweza kupumua bila mashine? La pili: anaweza kukaa bila tyubu ya hewa iliyopitishwa kooni, yaani kuilinda njia yake ya hewa na kuyatoa makohozi yake mwenyewe? Anayepimwa la kwanza tu ndiye anayetukimbiza usiku wa manane.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, ambalo halipigi kelele na kwa hiyo halizungumzwi: kuchelewa. Kila siku ya ziada kwenye tyubu inaongeza hatari ya nimonia na kudhoofisha misuli. Wagonjwa wanaojichomolea tyubu wenyewe, karibu nusu yao hawahitaji kurudishiwa. Maana yake walikuwa tayari, sisi ndio tulikuwa hatujauliza.

Haya ni ya watu wazima. Watoto wana vipimo vyao. Utaratibu ulioandikwa wa hospitali yako na daktari bingwa wa zamu ndio wenye neno la mwisho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mashine inayoonyesha kasi ya kupumua na ujazo wa kila pumzi. Kama haina presha saidizi (msukumo wa hewa unaomsaidia mgonjwa kila anapovuta pumzi), tafuta kiunganishi cha umbo la T na oksijeni.
- Kipima oksijeni cha kidole, kipima presha, na mtu wa kukaa kando ya kitanda nusu saa bila kuitwa kwingine. Huyu mtu ndiye adimu kuliko vifaa vyote.
- Saksheni (mashine ya kunyonya makohozi) inayofanya kazi, kwenye umeme na kwenye jenereta.
- Vifaa vya kurudisha tyubu: ambu (mfuko wa kumpumulisha kwa mkono) na barakoa yake, laringoskopu (kifaa cha kutazamia koo) ambayo taa yake umeiwasha leo, tyubu ya saizi ile ile na nyingine ndogo kwa nusu saizi, dawa za kulaza.
- Kipimo cha gesi za damu kama kipo. Kama hakipo, usikate tamaa, nitaeleza njia nyingine.
- Karatasi ya kuandika. Utabiri usioandikwa hauna wa kuusahihisha kesho.

Hatua ya 1: Uliza nini kilimpeleka kwenye mashine

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwangu ndiyo inayotabiri siku kuliko namba yoyote. Ugonjwa una saa yake. Aliyetoka upasuaji uliokwenda vizuri anasubiri dawa za usingizi na za kulegeza misuli ziishe mwilini. Hesabu saa, si siku. Mwenye nimonia hesabu siku, na angalia kama homa inashuka na oksijeni anayohitaji inapungua kila asubuhi. Mwenye Guillain-Barré (ugonjwa wa neva unaolegeza misuli) hesabu wiki, na mwenye pepopunda pia, hivyo kwa hawa mazungumzo ya kutoboa koo yaanze mapema badala ya kuwajaribu kila siku kwa mazoea.

Aliyekunywa sumu ya wadudu ya mashambani, kundi la organofosfeti, anahitaji aya yake peke yake. Mate yamekauka, jasho limekoma, atropini imepungua, mgonjwa anakutazama, na kila mtu anataka kuchomoa tyubu. Subiri. Kati ya siku ya kwanza na ya nne baada ya sumu, misuli ya shingo na ya kupumua inaweza kulegea upya hata kama dalili za mwanzo zimeondoka. Kipimo hakina gharama: mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto na akishikilie juu. Kichwa kikirudi chini mara moja, tyubu inabaki, hata kama namba zote ni nzuri. Rudia kesho.

Kama kilichomleta hakijaanza kupungua, ishia hapa kwa leo.

Hatua ya 2: Punguza au zima dawa za usingizi asubuhi

Huwezi kumpima upumuaji mtu uliyemlaza. Jaribio la Girard na wenzake nchini Marekani, lililochapishwa 2008, lilionyesha kwamba kuzima dawa za usingizi kila siku na kumjaribu kupumua siku hiyo hiyo kunawapa wagonjwa takribani siku tatu zaidi bila mashine kuliko jaribio la kupumua pekee.

Usizime kwa mwenye degedege lisilotulia, mikakamao ya pepopunda, presha kubwa ndani ya fuvu, au aliye bado kwenye dawa ya kulegeza misuli.

Onyo: diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, na midazolamu hujikusanya figo zikiwa mbovu. Mgonjwa anaweza kulala siku mbili baada ya wewe kufunga pampu. Usiandike "hana fahamu" kabla ya kuuliza alipewa nini juzi.

Hatua ya 3: Orodha ya asubuhi

Ifanye kila siku, kwa kila mgonjwa, hata yule unayeamini hayuko tayari. Hapo ndipo penye faida. Mwaka 1996 Ely na wenzake, kule North Carolina, waliwagawa wagonjwa 300: waliokaguliwa kila siku na kujaribiwa walikaa kwenye mashine siku 4.5, wengine siku 6. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Kulikuwa na mtu aliyeuliza kila asubuhi.

Angalia haya:

- Oksijeni inamtosha kwa FiO2 (sehemu ya oksijeni katika hewa anayopewa) isiyozidi 0.4, au 0.5 kwa baadhi ya hospitali, na PEEP (presha inayobaki kwenye mapafu mwisho wa kutoa pumzi) isiyozidi 8.
- Anavuta pumzi mwenyewe, hangojei mashine.
- Moyo uko chini ya 140, na hana dawa ya kupandisha presha au anatumia dozi ndogo isiyoongezeka.
- Hana asidi kali kwenye damu.
- Hajapangiwa kwenda chumba cha upasuaji leo.

Kama huna gesi za damu, chukua asilimia ya kipima oksijeni uigawe kwa FiO2. Mfano, 94 gawa kwa 0.4 ni 235, ambayo inalingana takribani na uwiano wa 200 wa gesi za damu (presha ya oksijeni kwenye ateri gawa kwa FiO2), na hiyo inatosha kuendelea. Hesabu hii inafaa pale tu kipima kinaposoma 97 au chini. Kikisoma 100, punguza kwanza oksijeni.

Hapa kuna jambo la kutuhusu moja kwa moja. Kipima cha kidole huzidisha kwa baadhi ya watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Sjoding na wenzake wa 2020 ulikuta kwamba kipima kikionyesha 92 hadi 96, karibu wagonjwa 12 kati ya 100 weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88 kwenye damu ya ateri, wakati kwa weupe walikuwa karibu 4. Kwa hiyo usiridhike na 90. Nikikosa gesi za damu, nataka nione 94 au zaidi kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: Hesabu ya pumzi, na mahali pake

Hii ndiyo namba ambayo kila mtu anaiulizia. Yang na Tobin waliichapisha mwaka 1991: idadi ya pumzi kwa dakika, gawa kwa ujazo wa pumzi kwa lita. Anayepumua mara 24 kwa mililita 400, yaani lita 0.4, anapata 60. Anayepumua mara 36 kwa mililita 240 anapata 150. Mpaka ni 105. Pumzi fupi za harakaharaka ndizo zinazoipandisha, na ndizo dalili ya misuli inayozidiwa.

Makosa yanayojirudia:

1. Kusoma namba mgonjwa akiwa bado kwenye presha saidizi ya 10 au 12. Mashine inamkuzia pumzi, namba inashuka, unafurahi bure. Mpaka wa 105 ulipatikana kwa watu waliokuwa wanapumua bila msaada kwa dakika moja. Mtoe kwenye msaada kwanza, kisha hesabu.
2. Kusoma dakika ya kwanza baada ya kumfanyia saksheni au kumgeuza. Mwache atulie.
3. Kuigeuza namba kuwa askari wa mlangoni. Kwa Yang na Tobin, waliozidi 105 karibu wote walishindwa, lakini kati ya waliokuwa chini yake, takribani mmoja kati ya watano alishindwa pia. Na mwaka 2006 Tanios na wenzake walipoilinganisha, wagonjwa ambao namba hii ilitumika kuwaamulia walichukua siku tatu kuachishwa mashine, wengine mbili. Mwanamke mwenye umbo dogo na tyubu nyembamba anaweza kuzidi 105 na akafaulu vizuri.

Mimi huiandika, kisha naendelea na hatua ya 5 ilimradi orodha ya asubuhi imepita. Namba ikiwa 140 nakaa karibu zaidi na kitanda, basi.

Hatua ya 5: Jaribio la kupumua mwenyewe

Hakuna kinachotabiri kupumua bila mashine kama kupumua bila mashine. Esteban na wenzake nchini Uhispania, 1995, waliwajaribu wagonjwa 546 kwa saa mbili, na 416 wakafaulu mara ya kwanza. Robo tatu! Hawakuhitaji kupunguziwa kidogo kidogo kwa wiki nzima, walihitaji kujaribiwa.

1. Muinue mgongo, mfanyie saksheni, mweleze unachofanya. "Mama, leo tunakupa nafasi upumue mwenyewe, nipo hapa." Hofu peke yake inaweza kumwangusha.
2. Weka presha saidizi ya 5 hadi 8 na PEEP ya 5 au chini, au mwunganishe kwenye kiunganishi cha T chenye oksijeni.
3. Anza saa. Dakika 30 zinatosha kwa jaribio la kwanza. Mwaka 1999 Esteban alilinganisha nusu saa na saa mbili na hakukuwa na tofauti ya maana. Aliyekaa kwenye mashine wiki nyingi, mpe muda mrefu zaidi.
4. Andika pumzi, moyo, presha na oksijeni kila dakika 5.

Simamisha akipumua zaidi ya mara 35 kwa dakika kwa dakika 5, oksijeni ikishuka chini ya 90, moyo ukizidi 140 au kupanda kwa sehemu ya tano, presha ya juu ikizidi 180 au kushuka chini ya 90, akitokwa jasho jingi, akihangaika, au ukiona shingo inafanya kazi na tumbo linaingia ndani wakati kifua kinapanda.

Ubishi kati ya T na presha saidizi ni wa kila siku. Mwaka 2019 kikundi cha Subirà, Uhispania tena, kilikuta kwamba dakika 30 za presha saidizi ya 8 zilileta mafanikio kwa 82 katika 100, na saa mbili za T kwa 74. Kwa hiyo kwa wengi anza na presha saidizi. Ninayemtilia shaka moyo wake namtumia T, kwa sababu inauondolea moyo msaada wote na kuuonyesha ulivyo.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio na mgonjwa akapata taharuki, jaribio hilo halihesabiki. Mrudishe, mtulize, anza upya baadaye.

Akishindwa kwa sababu zake mwenyewe, mrudishe kwenye msaada wa kumstarehesha na umwache apumzike mpaka kesho. Kumjaribu tena jioni ni kuichosha misuli iliyokwisha kuchoka. Saa hizo tumia kutafuta sababu.

Hatua ya 6: Sasa swali la tyubu

Amefaulu nusu saa. Usichomoe bado.

*Kikohozi.* Mfanyie saksheni ukisikilize. Au chomoa kiunganishi, shika karatasi sentimita chache kutoka mdomo wa tyubu, mwambie akohoe. Karatasi ikirukiwa na makohozi, kikohozi kina nguvu.

*Wingi wa makohozi.* Anayehitaji saksheni kila saa leo atahitaji kila saa kesho, na kesho hatakuwa na tyubu ya kupitishia. Kikohozi dhaifu na makohozi mengi kwa pamoja vinanizuia hata kama nusu saa ilipita bila jasho.

*Fahamu.* Mpe amri nne: fungua macho, nifuate kwa macho, nibane mkono, toa ulimi. Majeruhi wa kichwa, wale vijana wa bodaboda, wengi hawataweza zote, na hilo peke yake si sababu ya kuwaweka wiki nyingine. Coplin na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba majeruhi wa ubongo waliokidhi vigezo vingine lakini wakacheleweshwa walipata nimonia zaidi. Kikohozi kizuri, makohozi machache na macho yanayofuata vinatosha kuanzisha mjadala na bingwa.

*Uvimbe wa koo.* Kipimo hiki si cha kila mtu. Kifanye kwa aliyewekewa tyubu kwa shida, aliyekaa nayo karibu wiki au zaidi, mwenye tyubu kubwa kuliko mwili wake, au aliyekwisha kurudishiwa. Safisha mdomo, toa hewa kwenye puto linaloziba pembeni mwa tyubu, linganisha hewa inayoingia na inayotoka kwa pumzi sita. Isipovuja angalau mililita 110, koo linaweza kuwa limevimba. Mpe steroidi angalau saa 4 kabla ya kuchomoa. Huhitaji kurudia kipimo. Puto lisilovuja si hukumu ya kumwacha na tyubu.

Hatua ya 7: Kuchomoa

Asubuhi, bingwa akiwa jengoni. Akae wima, vuta kilichomo tumboni kwa mpira wa puani, safisha mdomo kisha tyubu. Toa hewa yote kwenye puto, mwambie avute pumzi ndefu, chomoa wakati anaitoa. Akohoe. Barakoa ya oksijeni. Kisha mwambie ataje jina lake: sauti inakuonyesha koo na fahamu kwa mara moja.

Hatua ya 8: Saa 48 zinazofuata

Kati ya waliochomolewa kwa mpango, 10 hadi 20 katika 100 hurudishiwa tyubu. Wodi ambayo harudishiwi mtu hata mmoja inachelewa kuchomoa.

Kagua kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Mlio mkali akivuta pumzi ni koo: mpe adrenalini ya mvuke, mililita 5 za 1 mg/mL, mwite bingwa, na vifaa viwe mkononi. Mwenye umri zaidi ya 65, moyo dhaifu au ugonjwa sugu wa mapafu, mwekee mashine ya barakoa (inayomsaidia kupumua bila tyubu) mara tu baada ya kuchomoa, usisubiri achoke.

Onyo zito: barakoa hiyo ni ya kuzuia. Aliyekwisha kuzidiwa usimwekee kwa matumaini. Esteban na wenzake walijaribu hivyo, matokeo yakachapishwa 2004: waliowekewa barakoa walikufa zaidi, na walikuwa wamecheleweshewa tyubu. Akizidiwa, mrudishie mapema.

Mambo yanapokwama

*Anashindwa ndani ya dakika 5.* Misuli au mzigo. Pima potasiamu, fosfeti na magnesiamu. Angalia tyubu iliyopinda au kuziba kwa makohozi. Sikiliza kifua kinachopiga filimbi, mpe salbutamoli. Tumbo lililojaa hewa au maji linasukuma kiwambo juu; lishughulikie.

*Anaanza vizuri, anaanguka baada ya dakika 20, presha inapanda na kifua kinatoa mlio wa maji.* Moyo. Pumzi ya kujivutia mwenyewe inarudisha damu nyingi kifuani. Furosemidi, tuliza presha, jaribu kesho.

*Anahangaika tu, namba ni nzuri.* Uliza maumivu, kibofu kilichojaa, kuchanganyikiwa. Mwite ndugu anayemfahamu amshike mkono kisha urudie.

*Amefaulu lakini kila mtu anaogopa.* Andika sababu ya kutochomoa leo kwa sentensi moja. Ukishindwa kuiandika, chomoa.

*Ameshindwa mara tatu, au wiki imepita tangu jaribio la kwanza.* Huyu sasa ni wa safari ndefu. Acha kumtabiria siku. Zungumza na bingwa kuhusu kutoboa koo, mlishe vizuri, mkalishe kitini, na mpe vipindi vya bila mashine mchana na mapumziko usiku. Ndugu waambiwe hivyo waziwazi, na waambiwe pia matokeo ya kila asubuhi: leo alikaa dakika ngapi mwenyewe, jana zilikuwa ngapi.